Linux Haikatai, Mlango Ndio Uliofungwa

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Hii mashine haikubali Linux." Nimeisikia Kariakoo, nimeisikia kwenye vibanda vya mafundi nje ya geti la chuo, nimeisikia hata kwa jamaa wa kitengo cha kompyuta wa ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, mtu mzima mwenye shahada na kitambulisho shingoni. Inatamkwa kama majibu ya maabara. Ukiuliza kwa nini haikubali, unaangaliwa kama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. Haikubali tu, bwana. Nunua nyingine.

Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye kulipa watu. Kompyuta haina moyo wa kukubali wala kukataa. Ndani yake kuna maamuzi ya watu, yaliyofanywa kiwandani na kwenye ofisi za makampuni, kuhusu nani apite na nani asimamishwe mlangoni. Na mashine zenye milango ya hovyo kuliko zote ni zile za bei ya chini, yaani zetu. Mwenye laptopu ya milioni tatu akiamua kuweka Linux, baada ya saa moja kamaliza, anakunywa chai. Mwenye laptopu ya laki tatu ndiye anayekesha. Halafu akishindwa anaambiwa Linux ni ya wataalamu.

Kwa nini naliongelea hili? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka memori isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Sasa zunguka mtaani uangalie zile laptopu ndogo nyepesi ambazo wanafunzi wengi wanaanza nazo maisha: memori GB 2, hifadhi GB 32 ya aina ya eMMC, vyote vimechomelewa kwenye ubao. Huwezi kuongeza hata ukiwa na hela mkononi. Hizo haziendi Windows 11.

Wenzetu wa Ulaya walipewa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama bila malipo, baada ya watetezi wa walaji huko kupiga kelele. Sisi wengine tuliambiwa tulipe dola 30, au tukusanye pointi zao, au tufungue akaunti ya Microsoft na kupeleka mipangilio ya mashine zetu kwenye seva zao. Kelele zetu zilikuwa wapi, sijui. Labda tulikuwa kwenye foleni ya kufomatiwa.

Kwa hiyo usiniambie Linux ni anasa ya vijana wanaopenda skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Kwa laptopu hizi ni njia ya kuendelea kufanya kazi bila kubaki na mfumo usiotunzwa na mtu. Ndiyo maana "haikubali" inaniuma. Ni sentensi inayomgharimu mtu laki tano.

Mfano ninao nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko mwaka wa pili chuo. Laptopu yake alinunuliwa na mama yake kwa fedha za vikoba, imetumika, chapa siitaji. Windows ilikuwa imejaza diski mpaka haiwezi hata kujisasisha, na kila ukifungua kivinjari unapata muda wa kwenda dukani na kurudi. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa baada ya wiki mbili. Akaenda kwa fundi akiwa na flashi yenye Ubuntu aliyopewa na mwanafunzi mwenzake. Fundi akahangaika nusu saa, kisha akatoa hukumu: haikubali, lete laki tano na nusu nikupe nyingine, hii nitakukatia elfu themanini.

"Kaka, kasema haikubali kabisa," akanipigia simu.

"Kasema haikubali vipi?"

"Kasema haioni flashi."

Haya, hapo ndipo pa kuanzia. "Haioni flashi" ni dalili, na dalili ina sababu. Daktari anayeambiwa mgonjwa ana homa hamwambii anunue mwili mwingine.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows siyo inayoamka kwanza. Inayoamka ni programu ndogo iliyokaa kwenye chipu ya ubao. Zamani ilikuwa BIOS. Siku hizi ni UEFI, ingawa mafundi bado wanaiita bayosi na mimi sigombani nao kwa hilo. Hiyo inahesabu vifaa, kisha inatafuta faili la kuwashia mfumo. Kwenye flashi inaingia folda iitwayo EFI, ndani yake folda BOOT, na ndani yake inatafuta faili moja lenye jina maalumu. UEFI ya biti 64 inatafuta bootx64.efi. UEFI ya biti 32 inatafuta bootia32.efi. Faili hilo lisipokuwepo, kwa UEFI flashi hiyo haipo duniani. Haitokei kwenye orodha. Hupewi ujumbe, hupewi onyo, hupewi hata mlio.

Sasa sikia kisa chenyewe. Mwaka 2014 soko lilijaa laptopu na tableti zenye prosesa za Intel Atom za familia ya Bay Trail, kama ile Z3735F. Prosesa hizo ni za biti 64. Lakini mashine nyingi za aina hiyo zilipewa UEFI ya biti 32. Sababu? Mwaka huohuo Microsoft walileta toleo liitwalo Windows 8.1 with Bing, ambalo watengenezaji wa vifaa vya bei ya chini walilipata kwa leseni ya bei nafuu, sharti likiwa Bing ibaki kuwa injini ya utafutaji mnunuzi anapoifungua mashine. Memori ni GB 2, hifadhi ni GB 32 au pungufu, kwa hiyo wakaweka Windows ya biti 32 inayokula nafasi ndogo. Na Windows ya biti 32 haiwashwi na UEFI ya biti 64. Basi kiwanda kikatundika mlango wa biti 32 kwenye nyumba ya biti 64, kikafunga boksi, kikapakia kontena.

Sisemi walikaa kikao kuikomoa Linux. Hawakuifikiria kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hawakumfikiria mtu atakayekuwa na mashine hiyo baada ya miaka kumi, mikono mitatu baadaye, chumbani Sinza au Mabibo. Kwao safari ya mashine iliishia dukani.

Na dawa ipo siku nyingi. Kerneli ya Linux toleo la 3.15, Juni 2014, iliweza kuwashwa ikiwa ya biti 64 kupitia UEFI ya biti 32. Debian 8, Aprili 2015, ikatoka na diski ya usakinishaji yenye mafaili ya aina zote mbili. Kwa maneno mengine, tatizo ambalo fundi alilitolea hukumu ya laki tano na nusu lilishapatiwa ufumbuzi zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ubuntu ya biti 64 ya kwenye flashi ya mdogo wangu haikuwa na lile faili la biti 32. Ndiyo hiyo tu. Kwenye Windows yake ukifungua ukurasa wa taarifa za mashine, imeandikwa wazi: mfumo wa biti 32, prosesa ya biti 64. Maandishi hayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha tatizo lote, na yapo kwenye mipangilio anayoifungua hata mtoto wa darasa la saba.

Tukapakua Debian ile ndogo ya kusakinishia, isiyofika GB 1, maana Ubuntu ya mezani inakaribia GB 6 na bando ni bando. Nikafungua folda za flashi, nikaliona bootia32.efi limekaa mahali pake. Tukachomeka. Bado haikuonekana.

Usicheke. Hapo kuna mtego mwingine. Windows tangu toleo la 8 ina tabia ya kuzima ambako si kuzima: inalala na kuhifadhi hali yake ili kesho iamke haraka. UEFI nayo kwenye mashine hizi huwekwa iwake kwa haraka, iruke ukaguzi wa USB, ili tangazo liseme "inawaka kwa sekunde kadhaa". Unabonyeza F2, F12, Esc, Delete, unabonyeza mpaka kibodi inaomba msamaha, Windows imeshaingia. Njia ya uhakika ni kushika Shift huku ukibofya kuanzisha upya, kisha kufuata menyu mpaka kwenye mipangilio ya UEFI. Huko unazima kuwaka kwa haraka. Flashi ikajitokeza. Na ilipojitokeza, ikagoma kwa sababu ya Secure Boot.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena uzembe wa kiwanda. Hapa pana siasa.

Secure Boot ililetwa kwa umma pamoja na Windows 8, Oktoba 2012. Wazo lake ni kwamba UEFI isiwashe programu yoyote isiyo na sahihi inayotambulika. Inatambulika na nani? Na funguo zilizowekwa kiwandani, na karibu kila mashine ya dukani ina funguo za Microsoft. Matokeo yake, miradi ya Linux inayogawa mifumo bure ikabidi ipeleke programu ndogo iitwayo shim, aliyoianzisha Matthew Garrett mwaka 2012, ikasainiwe na Microsoft ndipo Linux iwake kwenye mashine uliyoinunua wewe kwa hela yako. Soma tena. Mshindani wa Microsoft anaomba sahihi ya Microsoft ili aingie nyumbani kwako.

Kwenye masharti ya Windows 8, mashine za Intel zilitakiwa zimpe mwenye mali uwezo wa kuizima Secure Boot. Vifaa vya ARM vya wakati ule vilikatazwa kabisa kumpa uwezo huo. Zilipokuja Windows 10 mwaka 2015, sharti la kumpa mwenye mali swichi likaondolewa; likaachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Kwa hiyo leo kuwa na swichi ya kuzima ni fadhila ya kampuni. Kwenye mashine nyingine swichi ipo lakini imefifishwa, haibonyezeki, mpaka kwanza uweke nywila ya msimamizi kwenye UEFI. Nani angejua? Na ukinunua mtumba uliotoka ofisi ya Ulaya, unaweza kukuta nywila hiyo ilishawekwa na mtu ambaye hutakutana naye maisha yako yote.

Najua jibu lao: ni usalama. Na sikatai kwamba virusi vinavyojificha chini ya mfumo vipo. Lakini mwezi Machi 2023 watafiti wa kampuni ya ESET walichambua kirusi kiitwacho BlackLotus ambacho kilikuwa kinapenya kwenye Windows 11 yenye Secure Boot iliyowashwa, kwa kupitia programu ya zamani ambayo Microsoft wenyewe walikuwa wameisaini. Mwizi alipita na ufunguo halali. Anayesimamishwa getini ni mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kuna jingine. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011, vilivyo ndani ya mashine nyingi, viliwekewa kikomo cha mwaka 2026, na Microsoft walitoa vingine vya 2023. Shim mpya ikisainiwa kwa ufunguo wa 2023 pekee, mashine ambayo mtengenezaji wake hakuiletea sasisho haitaitambua. Nani anayepelekewa sasisho za UEFI? Mwenye mashine ya gharama. Laptopu ya laki tatu hupata sasisho siku inapotoka kiwandani, basi. Mwenye nayo atabaki na njia moja: kuizima Secure Boot, kama swichi ipo.

Tukaizima, swichi ilikuwepo. Neno moja la tahadhari kwa atakayefuata njia hii: mashine nyingine diski yake imefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukigusa Secure Boot itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika na uuandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote. Na nakili kazi zako kwenye flashi nyingine. Mdogo wangu alikuwa ameshajitumia ripoti kwa barua pepe, mtoto ana akili kuliko ukoo mzima.

Usakinishaji wenyewe ulikwenda kama maji. Ukaisha, tukatoa flashi, tukawasha. Hakuna kifaa cha kuwashia, ndivyo skrini ilivyosema.

Hapo ndipo fundi mwingine angesema "si nilikwambia". Kilichotokea ni kwamba Linux ikisakinishwa inaandika jina lake kwenye orodha iliyo ndani ya UEFI, na baadhi ya UEFI ama zinalipuuza jina hilo ama zinalifuta. Mnaodhani nazua, someni alichokieleza Garrett Novemba 2012 kuhusu kompyuta ya mezani ya Lenovo ThinkCentre M92p: UEFI yake ilikuwa inasoma jina la mfumo, na jina lisipokuwa "Windows Boot Manager" au "Red Hat Enterprise Linux", haiwashi. Jina tu! Kama mlinzi wa getini anayeangalia fulana. Mashine ya mdogo wangu si hiyo, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja. Dawa yake ni kuweka nakala ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, kwenye ile njia ya flashi niliyoitaja mwanzo, EFI, BOOT, bootia32.efi, kwa sababu njia hiyo ndiyo UEFI inayoijaribu ikikosa kingine. Kisakinishi cha Debian kina chaguo la kufanya hivyo kwenye sehemu yake ya uokoaji. Dakika tano.

Ikawaka. Baada ya saa mbili ikaganda, panya haisogei, saa haisogei. Huu nao unajulikana: chipu za Bay Trail zikiingia usingizi mzito wa kuokoa umeme, wakati mwingine haziamki. Malalamiko yake yalikaa kwa wahandisi wa kerneli miaka. Kwenye menyu ya GRUB unabonyeza herufi e, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake unaongeza intel_idle.max_cstate=1, unabonyeza F10. Ukiona imetulia, unaiandika moja kwa moja kwenye faili /etc/default/grub na kuendesha update-grub. Bei yake ni betri, inakwisha mapema kidogo. Kwa mashine isiyoganda, nalipa. Mtu ambaye yake inawaka na kubaki skrini nyeusi ajaribu neno nomodeset palepale, mara nyingi ni kadi ya picha.

Waifai haikutusumbua, kwa sababu Debian tangu toleo la 12, Juni 2023, inakuja na programu za vifaa ambazo si huria, baada ya wanachama wake kupiga kura mwaka 2022. Zamani walizikatalia mlangoni kwa ajili ya usafi wa imani. Ikikusumbua wewe, unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe bando, Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuuliza.

Na hapa nigeuke upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nimelipwa na pengwini. Watu wa Linux nao wanachangia sentensi ile. Unauliza swali, unajibiwa "soma mwongozo". Unasema mashine yako haiwaki, unaambiwa badilisha laptopu, kana kwamba laptopu zinaota kama michicha. Wengi wao wana mashine nzuri, wanajaribu kwenye mashine nzuri, kisha wanaandika kwamba ni rahisi kwa mtu yeyote. Desemba 2017 Ubuntu 17.10 ilibidi iondolewe kwenye ukurasa wa kupakua kwa sababu kerneli yake iliharibu mipangilio ya BIOS kwenye baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Nyingine zikawa haziwezi tena kuwashwa kwa USB. Toleo lililorekebishwa likatoka Januari 2018. Mtu aliyepatwa na hilo, mwambie Linux ni rahisi uone atakachokujibu. Na Ubuntu iliacha kutoa diski za mezani za biti 32 kuanzia hilohilo toleo la 17.10, jambo lenye mantiki San Francisco, lisilo na mantiki sana Mbagala.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Kosa la Linux liliripotiwa hadharani, likajadiliwa hadharani, likarekebishwa hadharani, na mimi nikiwa Dar naweza kusoma kila mstari wake. Kosa la UEFI limefungiwa ndani ya chipu na kampuni iliyoacha kulishughulikia kabla mashine haijafika bandarini. Huwezi kuwalinganisha hawa wawili kwa kusema "wote wana matatizo".

Tulishawahi kuwa mbele kwenye mambo haya, kama mlisahau. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wenye kambi yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyofanywa na watu wetu wakishirikiana na Waswidi. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, alianzisha Ubuntu, na mpaka 2011 walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta popote ulipo, hata kwenye sanduku la posta la shule. Vikwazo vya wakati ule vilikuwa lugha na intaneti. Vikavukwa. Kikwazo cha leo ni kitufe kimoja kwenye UEFI na hakuna anayekiandika.

Na hapa nawageukia waandishi wenzangu. Tunaitwa kwenye uzinduzi wa laptopu, tunapewa begi la kitambaa na soda, tunarudi tunaandika rangi zake, uzito wake na ofa ya bando. Sijaona habari hata moja kwenye kurasa zetu za teknolojia inayouliza: je, mnunuzi anaweza kuizima Secure Boot? UEFI itasasishwa kwa miaka mingapi? Memori inaongezeka au imechomelewa? Haya si maswali ya wataalamu. Ni sawa na kuuliza kama gari lina spea. Laptopu zikigawiwa kwenye shule fulani kwa mbwembwe na mkanda wa kukata, tunapiga picha ya mgeni rasmi. Hatuulizi zitawashwa na nini miaka minne baadaye, na stoo za shule zimejaa jibu.

Vyuo navyo. Chuo chenye idara ya kompyuta kinashindwaje kuwa na meza moja, Jumamosi moja kwa mwezi, wanafunzi wa mwaka wa tatu wakiwasaidia wengine kuwasha mashine? Wangejifunza zaidi pale kuliko kwenye ile mitihani ya kueleza maana ya mfumo endeshi kwa alama tano.

Mafundi siwalaumu wote. Wapo wanaojua, na wengi hawakufundishwa na mtu, walijifunza kwa macho. Ila fundi anayeuza laptopu upande huu wa meza na kupima magonjwa upande ule ana maslahi kwenye majibu yake, na mteja ana haki ya kulijua hilo. Akikwambia haikubali, muulize imekwama wapi: flashi haionekani, sahihi imekataliwa, skrini nyeusi, au imesakinishwa haiwaki? Kila kimoja kina dawa yake. Akishindwa kukutajia hata kimoja, hajaipima.

Mdogo wangu anatumia LXQt, meza nyepesi, pamoja na zram inayobana data ndani ya memori ili hizo GB 2 zivute kidogo. Ripoti aliiandika kwenye LibreOffice na kuiwasilisha kwa wakati. Spika za ndani bado hazitoi sauti, anatumia spika ya USB ya elfu kumi na tano.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aiwashe mashine na aingie kwenye UEFI mbele yako. Angalia kama inadai nywila. Tafuta Secure Boot, uone kama inazimika. Rudi kwenye Windows, usome mfumo ni wa biti ngapi na prosesa ni ya biti ngapi. Kama una flashi ya Debian, chomeka, iwake palepale juu ya kaunta. Inachukua dakika kumi. Akikwambia hana muda wa hayo, duka la pili liko hatua nane kutoka hapo, na la tatu liko juu yake.